Konami waliua PES, vijana wa Kigoma ndio tunalipia

Leo tuweke pembeni habari za bei ya dagaa, tuongelee hela inayotutoka kwenye vibanda vya gemu tangu baadhi ya wenye vibanda walipoanza kuhama kutoka PES kwenda FIFA, ambayo siku hizi inaitwa EA Sports FC.

Wengi wanamlaumu mwenye kibanda. Hapana jamani. Toleo la mwisho la PES lilikuwa PES 2021, lililotoka Septemba 2020. Tarehe 30 Septemba 2021 Konami wa Japani wakaleta eFootball badala yake. Ni ya bure, sawa, lakini imejengwa kwa ajili ya intaneti, na ilianza na timu tisa tu. Kwa mtu wa Tokyo poa. Kwa kibanda cha Ujiji chenye PS moja, pedi mbili na vijana kumi wanasubiri zamu, gemu inayotaka bando kila siku ni hasara tupu. Ndo maana wengine wameng'ang'ania diski za zamani na wengine wamehamia upande wa pili. Huko nako EA waliachana na shirikisho la FIFA: FIFA 23 ilikuwa ya mwisho kwa jina hilo, FC 24 ikaingia Septemba 2023. Jina limebadilika, batani ni zilezile za FIFA.

Na kwenye batani ndipo mtu analiwa hela. Aliyekulia PES anajua mraba ni shuti na duara ni krosi. Huku ni kinyume: duara ndo shuti, mraba ndo krosi. Kwa hiyo jamaa yuko uso kwa uso na kipa, anabonyeza mraba, mpira unaelea juu kama puto. Akiwa winga pembeni anataka kumimina krosi, anapiga shuti kwa mashabiki. Kukimbia nako: PES unashika R1, huku ni R2, kwa hiyo mchezaji wako anajiburuza kama ametoka kula ugali na migebuka.

Hayo ya kushambulia vidole vinazoea baada ya mechi kadhaa. Kukaba ndo balaa. Kwenye PES ukishika mraba unamwita mwenzako aje kusaidia kukaba. Huku mraba ni kuteleza na miguu, yaani unaita msaada, refa anaona rafu ndani ya boksi, penalti. Halafu eksi, ile ambayo PES ukiishika mchezaji anamfuata mtu mpaka anampora mpira, huku inamsogeza tu karibu. Tangu FIFA 12, iliyotoka 2011, EA waliamua kukaba kufanane na mpira wenyewe: unashika L2, unarudi nyuma taratibu uso kwa adui, unasubiri aukosee mpira ndipo unaingiza mguu kwa duara. Ukikurupuka unapitwa. Mabeki wa kweli pale Lake Tanganyika wanafanya hivyohivyo, hakuna anayekimbia na mtu kama mbwa na gari.

Sasa kibanda chetu sheria ni moja, aliyefungwa analipa. Tuseme mechi ni mia tano. Mtu wa PES akikaa na aliyekwisha kuizoea FIFA, anafungwa tano na analipa, anarudi, anafungwa nne na analipa. Siku za mbalamwezi ndo utaona. Wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, wanapanda kutoka Kibirizi wakiwa na hela mfukoni, na kuna wajanja wanawasubiria. Wanaita ufundi. Mimi naona ni kumlipisha mtu ada ya shule ambayo hakuna anayemfundisha.

Kuna wanaosema dawa ni kwenda kwenye mipangilio na kuchagua Alternate, inayorudisha shuti kwenye mraba na krosi kwenye duara. Ni kweli ipo, na ukicheza nyumbani itumie. Kibandani inaleta ugomvi: huyu anageuza, anayefuata zamu anakuta vitu vimevurugika, pedi zinarushwa. Isitoshe hujajifunza kukaba, na bao utafungwa vilevile.

Kitu kingine hakisemwi. Maelezo yote ya batani yamo ndani ya gemu, na sehemu ya mazoezi ipo, ila hakuna Kiswahili. Kifaransa kipo, Kiarabu kipo. Kwa hiyo mshikaji aliyevuka kutoka Uvira anaweza kubahatika kusoma kwa Kifaransa chake cha shule, ila mtoto wa Katonga aliyeishia la saba anajifunza kwa kufungwa.

Wenye vibanda mtasema nyie hamjali nani kafungwa, mia tano inaingia tu. Kwa wiki moja, ndiyo. Lakini angalieni nani bado anakuja baada ya mwezi, mtakuta ni wale wanne wanaojuana, na wanne hawalipi luku.

Karatasi moja ukutani, kwa kalamu nene: R2 kukimbia, duara shuti, mraba krosi, ukikaba shika L2, mraba usiguse. Na mechi ya kwanza ya mgeni kila mtu alipe nusu yake. Mwanga na Gungu, kuna aliyeshafanya hivyo kwake? Aseme hapa chini imekwendaje.