Toleo imara ndilo la kutunzia hesabu

Mfanyabiashara wa nafaka wa Kibaigwa au Majengo anayetunza hesabu kwa kompyuta asivutwe na neno “mpya”. Debian, mfumo wa kompyuta usiouzwa, una toleo imara na jingine ambalo bado linatengenezwa. Ubuntu, uliojengwa juu yake, hutoa kila baada ya miaka 2 toleo linalohudumiwa kwa miaka 5. Matoleo ya katikati huhudumiwa miezi 9 tu. Bei ya yote ni sifuri. Hasara huonekana magunia yakiwa kwenye mizani, mnunuzi anasubiri, na hesabu hazifunguki. Kompyuta ya mauzo ipewe toleo imara. La majaribio liwekwe kwenye mashine ya pembeni: kasoro zikiripotiwa mapema, toleo imara lijalo litakuwa bora zaidi.