Glasi Moja ya Mvinyo Ujerumani, Kesi Nzima Bariadi

Kuna skrinshoti inazunguka Bariadi wiki kadhaa sasa. Ni stetasi ya WhatsApp ya mdada mmoja, mzaliwa wa pale pale mjini, ambaye kwa sasa yuko Ujerumani anatunza wazee. Picha yenyewe ya kawaida kabisa: meza, watu sita, sufuria kubwa ya makaroni katikati, mkate, chupa mbili za mvinyo mwekundu, na yeye kanyanyua glasi anacheka meno yote nje. Chini kaandika, "Watu wangu." Basi.

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyowasha moto. Mjomba mtu akairusha picha kwenye grupu la ukoo na kuandika: "Kumbe watu wake ni hao. Sisi tunaohangaika na harusi ya mdogo wake ni nani?" Mdada akajibu kwa adabu: "Shikamoo mjomba. Mchango nitatuma mwisho wa mwezi, mshahara bado haujaingia." Mjomba naye hakuchelewa: "Marahaba mwanangu. Mshahara haujaingia ila mvinyo umeingia."

Grupu likalipuka kwa vicheko. Mashangazi wakaongeza chumvi, binamu wakaongeza pilipili, na mpaka jioni picha ilikuwa imetoka kwenye ukoo imefika saluni, imefika stendi kwa bodaboda, kila mtu ana lake la kusema kuhusu glasi ya mtu ambaye wengine hawajawahi hata kusalimiana naye.

Sasa ngoja hesabu zipigwe vizuri, maana kesi yote hii imejengwa juu ya hesabu mbovu.

Bariadi mvinyo ni kitu cha meza kuu. Unauona harusini mbele ya maharusi, unauona kwa padri, unauona kwa mheshimiwa akishuka na msafara. Hata huu wa kwetu wa Dodoma, ambako zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, kwa watu wengi wa Simiyu bado ni kinywaji cha shughuli. Kwa hiyo mtu akiona chupa mbili mezani siku ya kawaida, akili inakimbia moja kwa moja kwenye utajiri. Lakini Ujerumani ni nchi ya mashamba ya mizabibu, na chupa ya mvinyo wa kunyweka unaipata supamaketi kwa euro 4, ambayo kwa hela ya madafu ni kama elfu 11 au 12. Chupa mbili kwa watu sita. Mshkaji aliyekaa baa hapo mjini jioni moja na nusu kuku, chipsi na bia zake tatu, kashatumia zaidi ya fungu la huyu mdada, na hakuna aliyemwitia kikao.

Hesabu ya pili ndiyo yenye sumu. Watu wa kitaa wanajua kuzidisha tu, kutoa hawajui. Kima cha chini cha mshahara Ujerumani kwa mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa, na kazi ya kutunza wazee inalipa zaidi ya hapo. Chukua hiyo hiyo 12.82, zidisha saa 8, zidisha siku 22, geuza kuwa shilingi: unapata milioni 6 na ushee. Hapo mjomba anaanza kuona tofali, bati na trekta. Asichokiona ni kwamba karibu robo au zaidi inakatwa kabla haijamgusa mwenyewe, kwa ajili ya kodi, bima ya afya na pensheni. Kisha kodi ya nyumba, umeme, joto la ndani wakati wa baridi. Kuna hata ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kila mwezi kwa kila kaya, uwe na televisheni au huna. Hiyo mweleze mtu wa Bariadi atadhani unamtania.

Lakini hela siyo hata ishu kubwa. Ishu ni ile meza ilikuwa ya nini.

Siku ile mdada alikuwa anahama. Kapata chumba cha bei nafuu ghorofa ya nne, jengo halina lifti. Kukodi watu wa kuhamisha vitu Ujerumani ni hela ndefu, kwa hiyo desturi ya huko ni kuwaita marafiki. Wanakuja asubuhi, wanabeba kabati, wanabeba kitanda, wanapandisha ngazi mpaka mgongo unaomba radhi, na jioni mwenye kuhama anawalisha na kuwanywesha. Ndiyo malipo yao. Wale watano kwenye picha, Mkenya, Mkameruni, Wafilipino wawili na Mjerumani mmoja, wote wanafanya naye kazi, na wote walikuwa wametoka kupandisha mabox ngazi tangu saa tatu asubuhi. Kubeba boksi kwa maana halisi ya neno.

Hapo sasa mtu yeyote wa Usukumani anapaswa kushtuka kidogo, maana hilo jambo analijua. Wazee wa Simiyu wanakumbuka vijana walivyokuwa wanalima shamba la mtu kwa pamoja chini ya nsumba ntale wao, na mwenye shamba akishukuru kwa ugali, nyama na pombe. Hakuna aliyemuuliza mwenye shamba kwa nini anafanya sherehe wakati ana madeni. Ile haikuwa sherehe, ilikuwa deni linalipwa, na kesho ungeitwa wewe kwenye shamba la mwingine. Meza ya makaroni na mvinyo wa euro 4 ndiyo hiyo hiyo, imebadilisha tu sufuria na hali ya hewa.

Na "watu wangu" maana yake ni hiyo. Mtu anayejua una homa na umelala peke yako siku ya pili. Mtu wa kwenda naye ofisi ya uhamiaji wakati barua imekuja kwa Kijerumani kizito kuliko kile cha darasani. Jumapili huko maduka yamefungwa, mtaa kimya, Desemba saa kumi jioni giza tayari. Usipokuwa na watu wa kukaa nao mezani, unaweza kumaliza siku mbili hujasikia sauti yako. Ukoo uko kilomita maelfu, unampenda, sawa, ila hauwezi kumletea supu.

Haya, mjomba naye asichorwe kama shetani. Mjomba ana hoja, na wanaomcheka wengi hawaijui. Kozi ya Kijerumani Dar, karatasi, tiketi ya ndege, vyote hivyo vilitoka kwenye ng'ombe wa ukoo. Simiyu ndiyo inayoongoza nchi nzima kwa pamba, lakini mwulize mkulima yeyote wa Itilima au Maswa akwambie kinachobaki mfukoni msimu ukiisha. Mtu aliyeuza ng'ombe kwa ajili yako ana haki ya kuuliza umefika wapi. Kosa lake ni moja: ameuliza mbele za watu, kwa picha. Angepiga simu angepata jibu la heshima na pengine hela yenyewe. Ameweka skrinshoti, sasa amepata vicheko vya siku moja na mpwa aliyenuna.

Na mdada? Asitoke kapa. Miaka miwili hii stetasi zake ni theluji, soko la Krismasi, kahawa yenye povu la umbo la moyo. Hajawahi kuweka picha ya saa kumi na moja alfajiri anasubiri basi kutoka zamu ya usiku. Hajawahi kuweka ugali wake wa semolina, ule wanaosonga wakikosa unga wa mahindi, na dagaa wa Lamadi aliorudi nao likizo. (Dagaa wanapita, Ulaya inaruhusu hadi kilo 20 za samaki kwa matumizi ya mtu binafsi. Nyama na maziwa ndiyo marufuku, usijisumbue kufunga mtindi wa Meatu kwenye begi.) Yote hayo anayaficha. Halafu likizo yenyewe akifika Bariadi anamwaga ofa baa nzima, michembe ya mama anaila chumbani kimya kimya isije ikaonekana hajabadilika. Huko Ujerumani mhudumu wa mgahawa anauliza kabisa, mnalipa pamoja au kila mtu na lake, na yeye anajibu kila mtu na lake bila aibu yoyote. Akitua nyumbani anageuka mfadhili. Sasa watu wakimwamini wanakosea nini? Hesabu mbovu ya mjomba, nusu yake ameiandika yeye mwenyewe.

Hili siyo lake peke yake, ni ugonjwa wa walio majuu wengi. Wanaogopa kuitwa wabeba boksi, basi wanaishi maisha mawili: moja la zamu na mgongo unaouma, lingine la stetasi. La kwanza wanawaonyesha wageni waliokutana nao juzi, la pili ndugu zao wa damu. Kama kuna mahali "watu wangu" inauma kweli, ni hapo. Mkameruni anajua mshahara wake mpaka senti. Mama yake mzazi hajui.

Mchango wa harusi alituma tarehe ile ile aliyosema, na mjomba akaandika "Wabeja sana" kwenye grupu, likaisha. Hakuna aliyeomba radhi, hakuna aliyedaiwa radhi. Harusi itafanyika.

Ila tangu siku ile mdada hajaweka picha tena, hata ya theluji. Na kumbe kuna mtu mmoja ambaye hakuandika chochote kwenye ule ugomvi kwa sababu simu yake ni ya batani na grupu la ukoo hayumo. Mama yake alikuwa na kawaida ya kumwomba binti wa jirani amwonyeshee kwenye simu yake stetasi ya mwanawe, halafu anaikuza picha kwa vidole anaangalia mashavu kama amekonda. Sasa kila jioni anauliza kama kuna mpya. Binti anamjibu, "Hamna, mama." Anauliza tena kesho yake.