Dada, hiyo ya seremala inatafuta nini kwenye kucha?

Leo naongea na akina dada wa kucha bandia. Akina kaka msikimbie, zamu yenu inakuja.

Mnaijua ile supaglu ya mafundi, ya chupa ya gundi na kopo lake la kupuliza? Nenda kwa seremala yeyote wa makabati utaikuta. Upande mmoja wa ubao anapaka gundi, wa pili anapuliza dawa, anabana, anahesabu mpaka kumi, kwisha kazi. Kwa pembe za fremu hiyo kitu ni mkombozi, wala siipingi.

Sasa kuna wajanja wamelihamishia kopo hilo kwenye vidole vya wateja. Eti foleni ndefu na harusi ni saa kumi! Anamwaga gundi, anabandika kucha, pshiii! kwa karibu. Dada anaruka kitini, "Unaniunguza!" Jibu analopewa: "Vumilia shosti, urembo gharama."

Gharama gani hiyo? Hebu sikia. Supaglu inagandishwa na unyevu, hata ule kidogo wa hewani na wa kwenye ngozi, ndiyo maana vidole vyako huwa vya kwanza kugandana. Tena ikiganda inatoa joto. Ikiachwa iende taratibu, joto lenyewe hulisikii. Ukiipulizia dawa, inaganda kwa sekunde chache na joto lote linatoka kwa mkupuo. Tone dogo, joto dogo. Lakini dimbwi la gundi juu ya kucha iliyosuguliwa msasa mpaka imebaki kama karatasi, hapo lazima ulie.

Ni kweli saluni nazo zina dawa yao ya kukaushia gundi. Ile anayeijua anaipuliza kwa mbali, kama sentimita 30 hivi, juu ya gundi nyembamba. Ukiona kopo lina picha ya mbao, chukua pochi yako uondoke. Na hayo makopo mengi yanashika moto upesi, kwa hiyo anayevuta sigara atoke nje.

Kingine ni pamba. Supaglu ikimwagikia pamba inachemka ghafla, inaweza hata kutoa moshi na kuunguza ngozi. Usiifute kwa pamba. Ikidondokea kanga au jinzi uliyovaa, ivute nguo iachane na mwili haraka, mwagia maji mengi.

Haya, akina kaka. Nyie mnaipaka kwenye soli za raba halafu mnapuliza dawa mpaka gundi inakuwa nyeupe na mapovu. Supaglu ikikauka ni ngumu, haipendi kupindwa, na dawa ikizidi inazidi kukatika ovyo. Raba inapinda kila hatua. Ndiyo maana unafika Sinza kumwona mtoto wa watu, soli inafungua mdomo kabla yako. Mpelekee fundi viatu, ana gundi yake inayokubali kupinda.

Hata Bwana Harry Coover wa kampuni ya Kodak, Marekani, alipokutana na kitu hiki mwaka 1942 akitafuta plastiki ya kulengea bunduki, alikiweka kando kwa sababu kilinata kila mahali. Kilikuja kuuzwa kama gundi mwaka 1958.

Vidole vikigandana usivivute kwa nguvu, utachuna ngozi. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, uviachanishe polepole kwa kuvizungusha. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha inasaidia, ila vidoleni tu. Ikiingia jichoni, hakuna asetoni wala kufungua kope kwa nguvu: osha kwa maji ya uvuguvugu, nenda hospitali. Na kwa kuwa vichupa vyake vingine vinafanana na vya dawa ya macho, usivitie pochi moja. Tukutane wiki ijayo.