Habari isiyo na baba

Siku hizi wengi husema: «Redio ya mtaa ni ya nini? Simu yanipa habari zote, tena upesi.» Misa ikiisha, hata barzani mwa kanisa, kila mtu atoa simu asome yaliyotumwa usiku. Twaona kosa kubwa katika maneno hayo.

Hatuikatai simu. Vita vikifunga barabara, ndiyo yatuletea sauti ya ndugu zetu. Redio nayo ina ubaya wake: mtangazaji asiye na mshahara hupokea pesa ya yule anayemtangaza, na habari yapinda.

Lakini habari ya redio ina mwenyewe. Twajua jina lake na nyumba yake. Akisema uongo, twaenda kumwuliza. Habari ya simu haina baba wala mama. Fulani aliipata kwa fulani, na mwishowe hakuna wa kujibu.

Matunda yake tumeyaona. Tangu Agosti 2018 hata Juni 2020 Ebola iliua watu zaidi ya 2.200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Toka simu hata simu, toka kinywa hata kinywa, ikasemwa: Ebola ni biashara, ni hila ya kuwanyima watu wa Beni na Butembo kura. Kweli, Desemba 2018 kura yao iliahirishwa. Basi uongo ulipanda mgongoni mwa ukweli, ukakimbia. Wagonjwa wakafichwa, wauguzi wakashambuliwa. Kule Lwemba, katika Ituri, Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya kwao, aliwaeleza watu juu ya ugonjwa ule. Novemba 2019 aliuawa nyumbani kwake. Yeye aliyesema kwa jina lake alilipa kwa damu. Waliosambaza uongo bila jina walilipa nini?

Mwingine atajitetea: «Mimi sikuandika, nilituma tu.» Je, abebaye moto nyumba hata nyumba, atasema hakuuwasha?

Basi, kabla ya kutuma, tuulize: Nani aliona? Wapi? Lini? Bila jibu, tusitume. Tena, kila juma twapata franka za kulisha simu. Tusikose kidogo kwa redio yetu, kwa mafuta ya mashine na mshahara wa mtangazaji. Tusipomlipa sisi, mwingine atamlipa, naye atasema ya huyo.