Makumbi ya nazi hadi Kigobe: mzigo mwepesi, nauli nzito

BUJUMBURA – Mfanyabiashara anayefikiria kuleta makumbi ya nazi mjini hapa kwa ajili ya bustani za nyumbani aanze na hesabu ya lori kabla ya kusifu bidhaa. Katika mtaa kama Kigobe, lilipo jengo la Bunge, wateja wa lengalenga na nyanya za kwenye ndoo wanaweza kupatikana. Makumbi yaliyosagwa hushika maji, hupitisha hewa na ni mepesi kuliko udongo. Wauzaji wakubwa duniani ni India na Sri Lanka. Jirani zaidi ni pwani ya Tanzania.

Kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura kupitia Kobero ni zaidi ya kilomita 1,500. Tofali la makumbi yaliyoshindiliwa la kilo 5 likilowekwa hutoa takriban lita 70. Tani 25 ni matofali 5,000, yaani meta za ujazo 350 baada ya kuloweshwa, wakati bodi la semitrela huchukua kama 80 tu. Anayepakia magunia ya makumbi yasiyoshindiliwa analipia nauli ya hewa.

Kisha kuna chumvi. Pwani, wasuka kamba hufukia makumbi kwenye matope ya bahari kwa miezi kabla ya kuyaponda, na vumbi linalobaki huwa na chumvi inayounguza miche. Lazima lioshwe kwa maji baridi ya kisima au mto kabla ya kushindiliwa, na kazi hiyo ifanyike huko huko linakotoka. Mteja akipoteza miche mara moja harudi dukani.

Kwa upande wa forodha mambo ni mepesi kidogo. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na kuingia katika umoja wa forodha mwaka 2009, hivyo makumbi ya Tanzania yenye cheti cha uasilia hayatozwi ushuru wa kuingiza. Shehena isiyozidi dola 2,000 inaweza kutumia cheti kilichorahisishwa, ikiwa bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa mpakani. Ya India yaliyopitia Dar es Salaam hayapati nafuu hiyo. Cheti cha afya ya mimea nacho kisisahauliwe.

Penye ugumu hasa ni fedha. Kigobe hulipa faranga, muuzaji wa pwani anataka shilingi au dola. Benki Kuu ilishusha thamani ya faranga Mei 2023, lakini pengo kati ya bei rasmi na ya mtaani liliendelea. Anayepanga bei kwa kiwango rasmi huku akinunua dola mtaani atapata faida ya kwenye karatasi. Uhaba wa mafuta ulioisumbua nchi mwaka 2024 ulionyesha pia jinsi siku za lori barabarani zinavyoweza kuongezeka.

Mshindani, kwa bahati mbaya, yuko karibu: pumba za mpunga wa Gihanga katika uwanda wa Imbo. Hazishiki maji kama makumbi, lakini zikichanganywa na samadi hufanya kazi, na hazinunuliwi kwa dola.

Kwa hiyo lori zima la makumbi ni mapema mno. Safari ya kwanza ingefaa iwe matofali 200 pembeni ya shehena nyingine: tani moja, lita 14,000, sawa na ndoo 700 za lita 20, na wauzaji wa miche wawe wateja wa kwanza.