Nati Iliyolegea Huvunja Ekseli



Wako wenye Vespa za zamani, chombo kilichoanza kutengenezwa Italia mwaka 1946, wasemao kwamba ekseli ya nyuma huvunjika kwa uzee wa chuma. Mimi naona mara nyingi kosa ni la nati.

Gurudumu hufungwa kwenye ngoma ya breki, nayo ngoma hukaa juu ya meno ya ekseli. Nati ikilegea, ngoma hucheza, meno husagika, hata ekseli yaweza kukatika njiani na abiria yu nyuma.

Pini haikazi nati. Huizuia isifunguke tu. Basi yatupasa kukaza nati kwa kipimo cha kitabu cha chombo, kutia pini mpya kila ifunguliwapo, na kuikagua tena baada ya safari chache. Pini hununuliwa dukani. Mguu wa mtu hauuzwi.