VUMBI LA NAFAKA NI BARUTI



Wengi wetu hudhani vumbi la mahindi ni uchafu tu wa kumpigisha mtu chafya. Sivyo. Vumbi hilo likitimka ndani ya ghala, likakutana na cheche moja, hulipuka kama baruti. Tarehe 22 Desemba 1977 ghala la nafaka la Westwego, nchini Marekani, lililipuka likaua watu 36. Tarehe 20 Agosti 1997, huko Blaye, Ufaransa, walikufa 11.

Jambo hili latuhusu sisi wa Ronge na Voi. Nafaka ya Kilindini ikipanda bara kwa reli hupita hapa kwetu, na wapo kati yetu waipakiao na kuipakua. Hata vinu vya kijijini twavijua: unga umelala juu ya mota, na globu yaning'inia wazi.

Mafundi wa umeme wa ulimwengu wamegawa mahali pa vumbi mafungu matatu, wakayaita zoni. Zoni 20 ni pale ambapo wingu la vumbi lipo daima au kwa muda mrefu, kama ndani ya mashine ya vikopo ipandishayo nafaka. Zoni 21 ni pale ambapo wingu hutokea mara kwa mara kazini, kama karibu na mdomo wa kumwagia nafaka. Zoni 22 ni pale ambapo halitazamiwi, na likitokea halikai. Kila zoni ina vyombo vyake: taa, swichi na mota zizibwe vumbi lisiingie, wala ganda lake lisipate joto la kuliwasha. Swichi ifaayo ofisini kwa karani haifai shimoni kwa kuli.

Wengine husema hayo ni mambo ya injinia. Twakataa. Injinia huchora ramani ya zoni mara moja, lakini vumbi huhama kila siku. Mfuko wa kunasa vumbi ukitoboka, zoni 22 si 22 tena, na wa kwanza kuona ni mwenye ufagio. Tena mlipuko mdogo hutimua vumbi lililolala sakafuni na juu ya boriti, ndipo huja mlipuko wa pili ulio mkubwa zaidi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Basi wajumbe wetu katika kamati hizo wadai mambo matatu: ramani ya zoni ibandikwe ukutani kwa Kiswahili, vyombo vya umeme vikaguliwe na fundi azijuaye zoni, na kuondoa vumbi kuhesabiwe kazi ya mshahara, si jambo la harakaharaka baada ya kengele.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mmoja akiuliza peke yake ataitwa mkorofi. Tuulize sote.